Uzi maalumu: Kuongeza banda la uani la kupangisha kwenye kiwanja chenye nyumba tayari (Mafinga na miji jirani yenye baridi)

Jamvi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Swali la banda la uani linarudi mara kwa mara na majibu huja vipande vipande. Huyu anataja bei ya bati, yule idadi ya tofali, na hakuna anayemuuliza mwenye kiwanja shimo lake la choo liko wapi. Nafungua uzi huu ili mambo yote yakae sehemu moja.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30. Nyumba kubwa ni mita 10 kwa 12 na imekaa mita 5 kutoka mpaka wa mbele, kwa hiyo nyuma zimebaki mita 13. Banda ni mita 7 kwa 5: chumba, sebule, kona ya jiko na choo cha ndani. Mpangaji wa Mafinga ni mwalimu, muuguzi au mtu wa biashara ya mbao. Choo cha nje cha kuchangia kwenye baridi ya Juni hakitaki, na ukimpa hicho atakaa miezi mitatu na kuondoka.

Ukiacha mita 1.5 nyuma na mita 1.5 pembeni, unabaki na ua wa mita 6.5 kati ya banda na nyumba kubwa. Hapo panatosha kamba ya nguo, simtanki na njia ya kuvutia mpira wa gari la majitaka. Panaonekana pakubwa mpaka ukumbuke kwamba shimo la nyumba kubwa mara nyingi liko hapohapo nyuma.

Msimamo wangu ni huu: ramani ya banda inaanzia kwenye bomba la choo. Ukuta unaweza kuusogeza, lakini maji machafu hayapandi mlima.

FundiLevo

Mkuu Jamvi umegusa penyewe. Niongeze hesabu, maana wengi wanakubali kwa mdomo halafu wanachimba msingi kesho yake.

Bomba la inchi 4 linataka mshuko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Tuseme choo cha banda kiko mita 14 kutoka kwenye shimo la zamani. Mita 14 mara 2.5 ni sentimita 35. Bomba lenyewe linaanza kama sentimita 30 chini ya uso wa jamvi (zege la sakafu), kwa hiyo linafika shimoni likiwa sentimita 65 chini ya sakafu ya banda.

Sasa viwanja vingi vya Mafinga vina mteremko. Kama sakafu ya banda itakaa sentimita 40 chini ya sakafu ya nyumba kubwa, bomba litafika sentimita 105 chini ya sakafu ya nyumba kubwa. Mdomo wa shimo la zamani uko sentimita 50 tu chini ya sakafu hiyohiyo. Umepungukiwa sentimita 55. Hapo kuna njia mbili: unyanyue jamvi la banda kwa sentimita 55, au uchimbe shimo jipya upande wa chini. Njia ya tatu ambayo mafundi huichagua kimyakimya ni kulaza bomba karibu bila mshuko. Maji yanapita, kinyesi kinabaki, na baada ya wiki chache chemba inafurika kwa mpangaji.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita 15 hadi 20, ujaze mpaka usione povu hata moja. Ncha moja ishikwe kwenye alama ya sakafu ya nyumba kubwa, nyingine kwenye mambo (kigingi) uliyochomeka pale choo kitakapokaa. Maji yakitulia, piga alama kwenye mambo. Tofauti kati ya alama hiyo na ardhi ndiyo mteremko wako. Povu moja tu ndani ya mpira linakudanganya sentimita kadhaa, kwa hiyo rudia mara mbili.

BikoniNne

Kabla hata ya mpira wa maji, tafuta bikoni (alama za mpaka) zote nne. Fensi si mpaka. Fensi nyingi zilijengwa kwa kukadiria, na ziko ndani au nje ya mstari kwa sentimita 30 hadi mita nzima. Bikoni ikipotea, mwite mpimaji aliyesajiliwa airudishe kwa kutumia ramani ya upimaji, usikubaliane na jirani kwa kunyoosheana kidole.

Kuhusu kibali: kibali cha nyumba kubwa hakifuniki banda. Ni jengo jipya na linataka kibali chake kutoka halmashauri. Andaa nakala ya hati au barua ya toleo, risiti ya kodi ya ardhi, na michoro: ramani ya kiwanja ikionyesha nyumba iliyopo, banda, shimo na umbali wa kila kimoja kutoka mpakani; plani ya chumba; mkato; sura za pande nne; msingi na paa. Maombi siku hizi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Afisa mipango miji, mhandisi na afisa afya wote wanatazama.

Kinachorudisha maombi mara kwa mara si mchoro wa nyumba. Ni ramani ya kiwanja kutokuonyesha shimo la majitaka. Pili ni matumizi: hati ya makazi inakuruhusu makazi. Ukichora "vyumba" vitatu vyenye milango ya kukunja inayotazama barabarani, hizo ni fremu za biashara, na utaambiwa uanze na maombi ya kubadili matumizi ya ardhi. Na pokea masharti ya umbali kutoka mpakani kwa maandishi, usichukue ya rafiki wa mji mwingine.

Mdau mgeni

Samahani wakuu. Nina ukuta wa fensi wa tofali nyuma, imara kabisa. Siwezi kuutumia kama ukuta wa nyuma wa banda nikaokoa tofali?

Jamvi

Mkuu, usifanye hivyo. Ukuta wa mita 7 kwa 2.8 ni kama tofali 170 za block. Hicho ndicho unachookoa. Unachopoteza: msingi wa fensi huwa mfupi na mwembamba kwa sababu haukupangiwa kubeba paa, hauna mkanda (zege la nondo juu ya msingi) wala lenta (zege la nondo juu ya milango na madirisha), kwa hiyo lenta yako mpya inaishia hewani pande mbili, na huwezi kuweka dirisha nyuma, kwa hiyo chumba hakipitishi hewa na ukuta unaota ukungu kila masika. Juu ya hayo, maji ya paa lazima yaende kwa jirani au uweke mfereji wa bati mpakani ambao hutaweza kuusafisha bila kusimama kwake.

Kosa la upande wa pili ni kulibandika banda kwenye nyumba kubwa. Nyumba kubwa imeshakaa, udongo wake umeshashuka. Banda jipya litashuka kidogo mwaka wa kwanza, na ukizifunga pamoja ufa unatokea pale zinapoungana, umesimama wima kutoka msingi hadi lenta. Kama nafasi inakulazimisha, acha mwanya wa milimita 20, jenga kuta mbili, ziba kwa kitu kinachonyumbuka na funika juu kwa bati. Na usichimbe msingi mpya chini kuliko wa zamani ukiwa umesogeleana nao, utauondolea udongo unaoushikilia.

FundiLevo

Hesabu ya vifaa kwa banda la Jamvi, ukuta wa block inchi 6:

Urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, ni mita 32.5 hivi. Mtaro sentimita 60 upana, kina mpaka udongo mgumu. Zege la chini unene sentimita 15 ni mita za ujazo 2.9, kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 13 ya saruji. Msingi kozi (mistari) nne za kulaza, tofali 280. Kuta za juu, ukishatoa milango, madirisha na lenta, tofali 700. Agiza 1,000 usawazishe na zitakazovunjika. Kujenga kunakula mifuko kama 17.

Lenta ya sentimita 15 kwa 20: nondo nne za mm 12, ukihesabu maungio ni vipande 12 vya mita 12. Ringi za mm 8 kila sentimita 20, kama ringi 165, vipande 9. Saruji mifuko 7. Udongo ukiwa wa kujaza au kiwanja kikiwa na mteremko, weka mkanda wa chini pia, nondo nyingine 12 na mifuko 10. Jamvi la sentimita 10 kwa 1:2:4 ni mifuko 21, na usisahau nailoni nzito juu ya mawe kabla ya kumwaga. Bila nailoni, sakafu ya Mafinga inatoa unyevu mpaka kapeti linaoza.

Tofali zenyewe: mfuko wa kilo 50 utoe 30 hadi 35 za inchi 6. Anayekuuzia kwa bei ya chini sana ametoa 45 na zaidi. Chukua moja, iangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu. Ikigawanyika vipande viwili unaweza kujadili, ikimwagika kama mkate mkavu geuza gari.

TanuruLaMlimani

Mkuu FundiLevo, mbona huku kwetu watu wanajengea tofali za kuchoma? Block inatoka mbali kwa wengine, tanuru liko kila kijiji.

FundiLevo

Kweli kabisa, na ni nzuri kwa joto la ndani. Sikuweka idadi kwa sababu kila tanuru lina kipimo chake. Fanya hivi: panga tofali kumi mstari mmoja kwa namna utakavyojenga, acha nafasi ya udongo wa kujengea ya sentimita 1.5, pima urefu. Kisha panga kozi kumi juu, pima kimo. Utapata ngapi zinaingia kwenye mita moja ya mraba. Zidisha kwa 80, ndizo mita za mraba za kuta za banda hili baada ya kutoa milango na madirisha, halafu ongeza moja kwenye kila kumi, kwa sababu za pembeni mwa tanuru hutoka mbichi. Tofali iliyoiva ukiigonga na nyenzake inalia kama chuma. Inayotoa sauti ya "dub" iweke kando, usiitumie chini ya usawa wa jamvi hata moja.

Loweka kabla ya kujenga. Tofali kavu inanyonya maji yote ya saruji, na baada ya mwezi unaweza kuichomoa kwa mkono.

BombaNne

Nirudi kwenye shimo, maana ndiko pesa inakopotelea.

Nyumba kubwa watu 6, banda watu 3, jumla 9. Kwa lita 100 kwa mtu kwa siku ni lita 900. Maji yakae siku mbili, lita 1,800. Tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ukitaka uvute kila baada ya miaka 3, ni lita 1,080. Jumla karibu lita 2,900. Tangi la majitaka lenye vipimo vya ndani vya mita 2.5 kwa 1 kwa kina cha maji 1.2 linakupa lita 3,000. Ligawe kwa ukuta, theluthi mbili upande wa kuingilia na theluthi moja upande wa kutokea. Bomba la kuingilia liwe juu kuliko la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, na yote mawili yawe na T inayozama ndani ya maji. T ya kutokea ikikosekana, utando wa juu unaondoka moja kwa moja kwenda shimo la kunyonya na kuziba udongo wake. Hapo watu husema shimo limejaa, wakati tangi lenyewe ni zima na kinachokataa ni udongo.

Shimo la kunyonya liwe mbali na msingi wowote, mita 3 ndiyo pungufu kabisa, na mita 30 kutoka kisima, cha kwako au cha jirani. Kabla hujachimba chote, chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kwa kina kilekile ambacho maji yatatokea, kijaze, kiache kilowe usiku kucha, asubuhi jaza tena na tazama saa. Udongo mwekundu wa Mufindi, wilaya ya Mafinga, mwingine unanyonya vizuri, mwingine umejaa mfinyanzi na maji yanakaa kama kwenye sufuria. Ukikutana na wa pili, refusha njia ya kunyonya kwa mtaro wa kokoto badala ya kuongeza kina.

Na kama nyumba ni ya zamani, uliza wazee wa mtaa choo cha shimo cha kwanza kilikuwa wapi. Mashimo ya zamani yaliyofunikwa kwa magogo na udongo yapo kwenye viwanja vingi. Chomeka nondo ya mm 12 ardhini kila nusu mita kwenye mstari wa msingi. Ikizama kwa kusukuma tu, umelipata. Sogeza banda. Kujaza mawe na kushindilia kunasaidia ua, hakutoshi kubeba ukuta.

UmemeSafi

Kwa umeme, swali ni LUKU (mita ya kulipia kabla) moja na mita ndogo, au LUKU mbili. Watu hubishana kwa hisia, hesabu iko wazi.

Mafinga mpangaji ataweka hita ya kuogea. Hita ya wati 5,500 ikitumika dakika 10 inakula uniti 0.92. Watu wawili kila siku, mwezi mzima, ni uniti 55 za kuoga tu. Mteja wa matumizi madogo, D1, ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Ukichangia mita, banda peke yake karibu linamaliza kikomo hicho, na nyumba kubwa nayo inahamia bei ya juu. Kwa hiyo nashauri LUKU yake. Kwa bei zilizotangazwa Januari 2022, kuunganishwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ilikuwa sh 320,960, na maeneo yanayohesabiwa vijijini sh 27,000. Hakikisha eneo lako limewekwa kundi gani kabla ya kupanga bajeti. Fomu ya waya isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jambo la kodi ya jengo: tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa sh 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU. Ukiwa na mita mbili kwenye jengo moja, peleka namba zote TRA ili lisikatwe mara mbili.

Waya: hita hiyo inavuta ampea 24, iwe na laini yake ya mm 4 na swichi ya nguzo mbili, isichangie na soketi. Ukichukua umeme kutoka nyumba kubwa, mita 20, tumia mm 10, ndani ya bomba, kina cha sentimita 50 na zaidi, na banda liwe na mein swichi na ethi rodi yake. Waya wa mm 2.5 uliopitishwa juu ya kamba ya nguo ndio unaounguza mabanda.

Papi2x2

Paa. Tupo karibu na msitu wa Sao Hill kwa hiyo mbao ni nafuu, na hapo ndipo mtego. Mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa wiki hii bado mbichi. Ukipaua nayo, jua la Septemba linaipinda, misumari inatoka, bati linafanya mawimbi. Nunua mapema, panga kivulini kwa vijiti kati ya kila safu, weka mawe juu, acha wiki sita angalau. Na iwe na dawa. Dawa ya kweli huingia ndani. Kata kipande, kama rangi ni ya juu tu kama ganda la embe, imepakwa.

Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za 2x4 kila mita 1.2, banda la mita 7 linachukua 7. Papi (mbao za kupigilia bati) za 2x2 kila sentimita 90. Funga kila kenchi kwenye lenta kwa waya au bapa la chuma uliloliacha wakati wa kumwaga zege. Bila hivyo paa la banda dogo ni jepesi na upepo hulinyanyua. Ukichomoza bati sentimita 60 kila upande, mteremko wa nyuzi 15, unahitaji bati kama mita za mraba 53. Ukilikata kwa urefu kutoka kiwandani hakuna maungio, hakuna mvujo.

Dari usiiache kwa ajili ya kubana matumizi. Bati tupu usiku wa Julai linatoa jasho na kumdondokea mpangaji kitandani.

Mdau mgeni

Na paa la kujificha, lile la ukuta kuzunguka juu? Linapendeza.

Papi2x2

Linapendeza, lakini mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Mfereji wa ndani ukiziba kwa majani ya msonobari siku moja, maji yanashuka ndani ya ukuta. Kama lazima, weka matundu mawili ya kutokea badala ya moja, na la tatu juu kidogo la dharura linalomwaga nje hadharani ili ulione.

Paa la kawaida lenye mfereji wa nje linakupa faida nyingine. Mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 50 ni lita 1,000, na ukitoa upotevu unabaki na kama 800. Simtanki la lita 2,000 linajaa kwa mvua mbili tatu nzuri. Maji ya bomba yakikatika, banda lina choo kinachofanya kazi.

Jamvi

Kuhusu ratiba: msingi Mei mwishoni udongo ukiwa umekauka, kuta Juni na Julai, kupaua Agosti, plasta Septemba. Baridi ya Juni inachelewesha zege. Lenta ivuliwe mbao za pembeni baada ya siku 3, za chini ya madirisha na milango baada ya siku 14, na umwagilie asubuhi jua likishatoka, si usiku.

Mdau mgeni

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: tangi la majitaka nikishajenga, nitajuaje kama fundi hajaniachia nyufa?

BombaNne

Kabla ya kufukia pembeni, lijaze maji mpaka usawa wa bomba la kutokea. Acha siku moja plasta inywe, kisha jaza tena na piga alama kwa msumari. Baada ya saa 24 angalia. Maji yakishuka sentimita moja hivi, sawa. Yakishuka zaidi, yatoe, tafuta pale plasta inapochelewa kukauka, hasa kwenye kona za chini na kuzunguka mabomba. Chimbua hapo kwa patasi sentimita 2, jaza saruji na mchanga laini 1:2, kisha rudia kipimo. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho kabla ya kipimo cha pili.